Saa Kumi na Moja na Nusu Angani

Tarehe 6 Februari

Kaka,

Shikamoo. Bila shaka barua hii itakukuta kwenye kile kiti chako kisicho na mgongo, lenzi jichoni, na saa ya mtu imefunuliwa tumbo mbele yako. Mimi naendelea vizuri, ila goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi. Hapa hospitalini wameniongezea wasaidizi wawili jikoni, kwa hiyo sasa napikia wagonjwa mia tatu huku nikigombana na watu sita badala ya wanne. Nisalimie Shangazi. Mwambie picha aliyojipiga imefika, mabega yametoka vizuri sana, kichwa hakikuingia.

Ningekupigia, lakini simu yako unaizima asubuhi ili betri ipumzike, na jioni unasahau kuiwasha.

Kaka, nataka uje huku mwezi wa nane. Miaka kumi na tisa hatujaonana. Tiketi niachie mimi, hilo tusilijadili. Nimeambatisha karatasi niliyopewa na wakala wa ndege. Utaona kwamba kutoka uwanja wa huko hadi uwanja wa huku ni kilomita elfu tisa na mia sita, na ndege inakuja moja kwa moja, haitui popote. Unakaa, unakula mara mbili, umefika.

Sababu ya kukuita nitakwambia ukishafika.

Mdogo wako

*

Tarehe 28 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na nane, ambazo ni nyingi mno kwa kitu chepesi kama karatasi. Mimi mzima. Shangazi naye mzima, sikio la kulia halisikii tena, la kushoto linasikia anachotaka. Nilipomsomea barua yako aliuliza swali moja tu, kama umenenepa. Nimemwambia ndiyo, amefurahi sana. Dukani kazi ipo, ingawa siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, halafu wanakuja kwangu kuuliza kama simu zao zinasema kweli.

Sasa nije kwenye karatasi yako. Nimeisoma mara tatu, na ya mwisho nimeisoma kwa lenzi. Inasema ndege inaondoka huku saa nne asubuhi na kufika huko saa moja na nusu jioni. Hiyo ni saa tisa na nusu. Inaporudi, inaondoka huko saa nne asubuhi na kutua huku saa tano na nusu usiku. Hiyo ni saa kumi na tatu na nusu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba safari ni saa kumi na moja na nusu, kwenda na kurudi. Kwa hiyo karatasi moja ina safari tatu za njia moja. Nimetengeneza saa miaka thelathini na minane, mdogo wangu, na sijaona saa mbili zikipotea bila kuwa na mtu aliyezichukua.

Pia nimepiga hesabu ya kutembea. Kwa kilomita arobaini kwa siku, ni siku mia mbili na arobaini, na hapo sijaweka bahari. Nakutajia tu ujue umbali wenyewe unaouita kukaa na kula mara mbili.

Kuna mambo mengine pia. Duka halina wa kumwachia. Kiuno changu hakipendi kukaa muda mrefu. (Najua utasema nakaa kutwa dukani. Kile kiti nimekizoea.) Halafu Shangazi atabaki na nani?

Na hiyo sababu isiyoandikika ni sababu gani?

Kaka yako

*

Tarehe 22 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Shangazi amefurahi. Hapa theluji imeisha, wasaidizi wangu wawili wapya wamekuwa mmoja, yule mwingine alimwaga sufuria ya supu nzima na kuondoka bila kuaga, bado amevaa aproni yetu.

Unajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba huku tuko nyuma ya huko kwa saa mbili. Hazijaibwa. Ukija unazipata, ukirudi unazirudisha. Mtu aliyerekebisha saa ya mnara wa stesheni hawezi kuniambia hajui hilo. Kwa hiyo ama unanitania au unaogopa kupanda ndege. Kama unaogopa, sema. Mimi niliogopa pia, nilimshika mkono mwanajeshi mmoja safari nzima, na tulipotua hatukujuana hata jina.

Jirani wa Shangazi nimeshampigia simu. Amekubali kumwangalia.

Haya, sababu ni hii. Ninaolewa.

Usidondoshe lenzi. Najua nina miaka hamsini na mitatu. Yeye ana hamsini na minane, ni mjane, ni fundi bomba. Alikuja kutengeneza sinki la jikoni letu mwaka juzi. Kazi ya saa moja akaifanya siku tatu. Siku ya nne akarudi kusema amesahau spana, na spana alikuwa ameishika mkononi. Wenzangu wamempa jina la Bwana Koki, analipenda kuliko jina lake.

Jambo moja nikwambie mapema, lisije likakushtua. Huyu mtu huchelewa. Si kwa dharau, wala si kwa uvivu. Njiani anakutana na watu, na kila mtu ana bomba linalovuja.

Tutaandikisha ndoa Alhamisi, tarehe kumi na mbili Agosti. Wanahitaji shahidi upande wangu. Nataka awe wewe, hasa kwa sababu ya lile la mwalimu wa hesabu, ambalo hatujawahi kulizungumza na sikuombi tulizungumze sasa. Niandikie tu kama unakuja au huji.

Mdogo wako

*

Tarehe 24 Mei

Kaka,

Shikamoo. Miezi miwili sasa. Nimempigia jirani wa Shangazi, anasema uko hai na jana ulimfokea mtu aliyeogesha saa yake kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo unaweza kufoka lakini huwezi kuandika.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kukawia, wino uliisha. Sitaki kusema mengi juu ya wino.

Shangazi mzima. Anamwambia kila mtu kwamba unaolewa na daktari mkuu wa hospitali. Nilipomrekebisha kwamba ni fundi bomba, alisema hata bora, maana bomba lake linavuja tangu mwaka jana.

Nakuja.

Nimejiandaa kwa utaratibu. Nitavaa saa mbili, mkono wa kulia saa ya huku, mkono wa kushoto saa ya huko, ili kila dakika nijue niko wapi. Nimeanza kuzivaa tangu Jumapili na watu dukani wanauliza kama nimefungua tawi. Nimefanya pia mazoezi ya kukaa. Juzi nilikaa saa kumi na moja na nusu bila kushuka kitini, isipokuwa mara mbili. Kiuno kiliuma mwanzoni, kisha kikakata tamaa.

Nina maswali. Je, dirisha la ndege linafunguka? Shangazi anasema linafunguka. Je, mtu akitaka kushuka kabla ya kufika, kuna utaratibu gani? Nauliza kwa ajili ya watu wengine.

Na huyo fundi bomba, siku aliyokuposa, alichelewa kwa muda gani? Siulizi kwa ubaya.

Kaka yako

*

Tarehe 1 Julai

Kaka,

Shikamoo, na asante. Niliisoma jikoni mbele ya watu, wakadhani nimepata msiba.

Tiketi iko ndani ya bahasha hii. Jumanne tarehe kumi, saa nne kamili asubuhi. Ndege hiyo inakuja Jumanne na Jumamosi tu, kwa hiyo usiniletee mambo ya Jumatano. Nitakuwa mlangoni saa moja na nusu jioni na maua, ili unitambue, maana Shangazi yuko sahihi, nimenenepa.

Dirisha halifunguki. Hakuna kushuka njiani.

Alichelewa saa tatu na dakika kumi. Nilikuwa nimeshapika, nimeshakula, nimeshaosha vyombo. Alipofika alikuwa amelowa mpaka kiunoni, bomba la jirani wa ghorofa ya chini lilikuwa limepasuka. Akaniuliza swali lake akiwa amesimama kwenye kapeti langu anachuruzika maji. Nikamwambia ndiyo, lakini toka kwenye kapeti.

Mdogo wako

*

Tarehe 11 Agosti

Mdogo wangu,

Nakuandikia Jumatano, nikiwa nyumbani, sanduku bado limefungwa miguuni pangu. Leo salamu nimezisahau, nisamehe.

Jana nilikupigia kutoka uwanjani nikakwambia injini ya ndege imeharibika. Injini haikuwa na tatizo lolote. Nakwambia ukweli kwa barua kwa sababu kwa mdomo umenishinda.

Nilifika uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wakanikagua, wakaniuliza kwa nini nina saa mbili, nikawaeleza kwa dakika kumi mpaka wakaniomba nipite. Nikaenda kunawa uso, nikavua saa zote mbili, nikanawa, nikazivaa. Kisha nikakaa kiti cha mbele kabisa, hatua sita kutoka mlango wa ndege. Hakuna abiria aliyewahi kukaa karibu na ndege yake kama nilivyokaa mimi.

Pembeni yangu kulikuwa na bwana mmoja anayesafiri adhuhuri kwenda kwingine, saa yake imesimama. Ningemwachaje? Nikaifungua juu ya goti. Ilikuwa na uchafu kwenye gurudumu dogo, kazi ndogo lakini ya kutulia. Huku natengeneza, watu wakaanza kupanga mstari mlangoni. Nikatazama mkono wa kulia, unaniambia saa moja na nusu. Nikamwambia yule bwana, watu wana papara siku hizi, ndege ya saa nne wameanza kusukumana sasa hivi. Akakubaliana nami.

Baadaye kipaza sauti kikaanza kumwita abiria mmoja aliyechelewa. Jina lilitamkwa kama mtu anayetafuna kokoto. Walimwita mara nne. Mara ya tatu nilitikisa kichwa. Mara ya nne nilimwambia yule bwana, "Mtu wa namna hii anawasumbua watu mia tatu kwa sababu hawezi kusoma saa." Tukacheka.

Nikamaliza saa yake, nikaiwekea majira kwa kutazama mkono wangu wa kulia, saa mbili na dakika kumi, nikamkabidhi. Akaitazama, akatazama ya ukutani, akasema kwa upole, "Fundi, hii uliyonitengenezea iko nyuma saa mbili." Nikamjibu kwamba saa za ukutani haziaminiki, nazijua, nimezitengeneza. Akaniuliza, "Na hiyo nyingine uliyovaa kushoto inasemaje?"

Nikatazama kushoto. Ilisema saa nne na dakika kumi. Nilikuwa nimezibadilisha pale kwenye maji. Nikainua macho, ndege yangu inarudi nyuma taratibu nje ya kioo, nikamwona hadi rubani.

Yule bwana ndiye aliyenishika mkono hadi kaunta. Binti wa kaunta alinitamkia lile jina la kokoto, na polepole nikalitambua kuwa ni langu. Sikufokewa na mtu. Wakanipa kiti na maji, wakanibadilishia tiketi iwe Jumamosi. Ndipo nikakupigia nikasema injini. Kisha mchumba wako akachukua simu, mara ya kwanza kusikia sauti yake, akasema, "Kaka, hakuna neno. Tutasogeza hadi Jumatatu. Mimi mwenyewe sijawahi kuwahi popote."

Nilipofika nyumbani nikakaa na lile jambo ulilosema tusilizungumze.

Mwalimu wa hesabu alichelewa dakika arobaini. Alikuja kukuposa, mimi nikiwa ndiye mkubwa wako baada ya Baba kufariki. Alisema baiskeli yake ilipata pancha, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi, kwa hiyo nilijua ni kweli. Nikamwambia mtu asiyeweza kufika hataweza kukaa. Niliona ni neno zuri sana. Nikamfungia mlango. Ulikuwa umesimama nyuma yangu na sinia la chai. Ulirudi jikoni, na mwaka uliofuata ukaondoka kwenda kilomita elfu tisa na mia sita.

Ndiyo maana wino uliisha. Siogopi ndege. Naogopa ndege kidogo. Zaidi niliogopa kukaa mbele yako.

Nisamehe.

Kaka yako

*

Tarehe 27 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefika salama juzi. Shangazi anakusalimu, amefurahi na picha za arusi, ingawa anauliza daktari mkuu yuko wapi. Mwambie mumeo nimemsimulia kila mtu jinsi alivyofika ofisi ya ndoa dakika ishirini kabla ya muda. Sikumwambia mtu kwamba ni wewe uliyemdanganya saa.

Safari ya kurudi ilichukua saa kumi na moja na dakika ishirini na nne. Dakika sita zilizobaki sijui kazichukua nani. Nilimshika mkono mama mmoja tulipopaa, alikuwa na haya kidogo lakini baadaye akazoea.

Neno dogo la mwisho. Huenda kuna barua yangu ya tarehe kumi na moja Agosti ambayo imechelewa posta. Ikifika, usihangaike kuifungua. Ni ya zamani, mambo yake yameshapita, na mwandiko ni mbaya. Ichome tu au uwashie jiko.

Kaka yako

*

Tarehe 20 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Mume wangu ametoka asubuhi kununua mkate, sasa ni saa kumi jioni, sina wasiwasi.

Barua yako ya kuzuia barua imefika wiki mbili baada ya barua yenyewe. Sasa nimeelewa kwa nini siku zote ulizokaa kwetu ulikuwa unasimama kwenye sanduku la barua kuanzia saa mbili asubuhi. Nilidhani umempenda mtu wetu wa posta, naye ana miaka sitini na sharubu.

Nikwambie jambo. Ile Jumanne nilikuwa mlangoni na maua. Ulipopiga simu, nilikuwa nimeshanunua hayo maua, na nikasema acha niende tu, labda injini imepona. Ndege ilitua saa moja na nusu kamili. Wakatoka watu wote, nikawauliza habari za injini, wakanishangaa. Kwa hiyo nilijua tangu siku ile. Hata hivyo nilikuacha uwasimulie wageni wangu injini hiyo mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa na moshi. Mara ya nne ilikuwa na moto na wewe ndiwe uliyeuona kabla ya rubani. Mume wangu alikuwa ananibana mguu chini ya meza. Nilipomsomea barua yako alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kisha nilipofika penye mwalimu akainuka, akatoka akaniacha peke yangu na karatasi. Si mtu mjinga.

Sasa la mwalimu. Kaka, mimi sikumtaka yule mwalimu. Alikuwa mtu mwema lakini alikuwa akizungumza kama anaandika ubaoni. Siku ile nilikuwa nimebeba sinia nikiwaza jinsi ya kumkatalia bila kumuumiza. Wewe ukanimalizia kazi.

Kwa hiyo si yeye niliyemlilia miaka yote hii. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nyuma yako hatua mbili, nina miaka thelathini na mitatu, nina mdomo, na wewe hukugeuka kuniuliza. Ungegeuka tu. Hicho ndicho kilichonipandisha ndege.

Nimekusamehe. Nilikusamehe ulipotoka kwenye ule mlango Jumamosi na saa mbili mikononi, umepauka kama unga, ukasema safari ilikuwa nzuri.

Tutakuja sote wawili mwezi wa Januari, tukae wiki nne.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Shangazi mzima, ametangaza mtaa mzima kwamba fundi bomba anakuja, na sasa kuna orodha ya nyumba kumi na moja zinazomsubiri. Mwonye.

Barua yako niliisoma mara moja tu, na bila lenzi.

Jumatatu nilianza kuandaa chumba chenu. Nimetoa kitanda, kabati na ile meza ya Mama, nimeviweka kwenye korido. Nikanunua rangi ya bluu, nikachanganya, nikapanda ngazi, nikachovya brashi. Nikakaa juu ya ngazi vile muda mrefu kidogo. Kisha nikashuka, nikaosha brashi.

Je, unapenda bluu? Kama hupendi, unapenda rangi gani? Kitanda mnakitaka upande wa dirisha au upande wa mlango? Na mlango wenyewe, ufungukie ndani au nje? Maana naweza kuubadilisha.

Najua jibu litachukua wiki tano au sita. Chumba kiko kitupu, na koridoni napita kiubavu, jana nimepasua mfuko wa koti kwenye kitasa cha kabati. Si kitu. Fikiria vizuri kwanza, kisha uniandikie. Nangoja.

Kaka yako